Mishono Mitatu ya Uzi wa Buluu

3 Februari

Mdogo wangu Msomi,

Nakuandikia kwa sababu kuna kinundu kwenye titi langu la kushoto, na daktari amesema si kitu.

Nimeanza na hilo ili lisije likajificha katikati ya salamu. Sasa pokea salamu zenyewe. Huku tu wazima, na cherehani nazo nzima, isipokuwa ile ya miguu ambayo imeanza kuruka mishono kama mbuzi aliyefunguliwa kamba. Najua utasema, "Dada, si ungepiga simu?" Simu naipigia hapa dukani, na hapa dukani kuta zina masikio na wateja wana midomo. Mmoja akisikia neno titi saa tatu, ikifika saa sita mtaa mzima umeshanizika. Kwa simu tuendelee kucheka. Mambo yenyewe tuandikiane, kama tulivyofanya ulipokuwa shule ya bweni ya wasichana.

Nilikigusa mwezi wa Novemba nikijaribu blauzi yangu mwenyewe. Kiko upande wa nje, karibu na kwapa, kigumu kama punje ya harage kavu. Hakiumi. Hakisogei. Wewe unaijua kazi yangu. Kwa miaka ishirini na miwili nimepima vifua vya wanawake, wanene na wembamba, wanaonyonyesha na waliokwisha kuachisha. Pini ikisahaulika ndani ya bitana ya koti, kidole changu huipata kabla jicho halijaiona. Kwa hiyo ninapokwambia kwamba kitu hiki hakikuwamo mwilini mwangu zamani, usidhani nasema kwa woga.

Daktari wa tawi letu alinipokea vizuri. Aliniuliza kama kinauma. Nikasema hakiumi. Akasema, "Basi furahi, mama. Kibaya huuma." Akabonyeza kwa vidole viwili juu ya blauzi (juu ya blauzi, mdogo wangu, na blauzi yenyewe ina bitana), akasema ni mafuta, ni umri, ni mawazo. Nikamwambia nina miaka arobaini na mmoja na mawazo yangu yote yako kichwani. Akacheka. Kisha akaniuliza kama ninapunguza suruali. Alikuwa nazo mbili kwenye gari.

Nimezipunguza. Nilimpima mara mbili kabla sijakata.

Wewe sasa uko hospitali kuu, ambayo hili tawi letu ni mtoto wake. Niambie, niamini kauli yake au niamini vidole vyangu?

Dada yako,
Fundi


12 Februari

Dada yangu mpendwa,

Nimeipokea barua yako ya tarehe 3 mwezi huu, na nimeisoma kwa uzito unaostahili.

Kabla ya yote, naomba nikuhabarishe kwamba nimethibitishwa kazini kama mwandishi wa Ofisi ya Malalamiko ya Wagonjwa. Ni chumba kimoja cha ghorofa ya tatu, meza nne, na dirisha linalotazama paa la chumba cha kufulia mashuka. Malalamiko ya matawi yote huletwa kwetu, ingawa hatuletewi barua zenyewe. Karani wa tawi huandika muhtasari wa mistari miwili kwenye fomu, na barua hubaki kwake hadi katikati ya mwaka, ndipo zinapoletwa kuhifadhiwa. Kazi yangu ni kutunga majibu. Mkuu wangu, mtu ambaye sifa kwake hutoka kwa kijiko, alilisoma jibu langu la kwanza mbele ya wenzangu, akaagiza liwe kiolezo cha matawi yote. Sentensi aliyoipenda zaidi ni hii: "Hofu ya mgonjwa ni mgeni wa kuheshimiwa, lakini si mgeni wa kukabidhiwa funguo za nyumba." Nimeona ni haki yako kujua kwamba zile alasiri ulizonikalisha chini ya meza ya kukatia, nikisoma kwa sauti huku wewe ukishona, hazikupotea bure.

Kuhusu suala lako, jibu langu ni moja. Tumwamini aliyesomea. Daktari ametumia miaka mingi kujifunza mambo ambayo mimi na wewe hatuwezi hata kuyataja majina. Vidole vyako vina uzoefu, sikatai, lakini uzoefu wa kitambaa si uzoefu wa mwili. Tangu nizaliwe sijakuona ukipumzika hata wiki moja. Huenda mwili unakudai usingizi tu.

Nina ombi moja dogo. Tafadhali usishone tena kurasa za barua kwa uzi. Wenzangu waliiona ile mishono mitatu ya buluu pembeni, wakauliza kama nimeandikiwa na daktari wa upasuaji. Pini ya kawaida inatosha.

Kwa heshima na upendo,
Mdogo wako


3 Machi

Msomi wangu,

Hongera. Barua yako nimemsomea mama muuza vifungo, sehemu ya kazi tu, akasema, "Huyo mtoto akilalamikiwa na njaa, njaa itaomba radhi." Nami nimejivuna mpaka nimeshona mkono wa shati kinyume.

Uzi nitaendelea nao. Pini huota kutu, na kurasa zikiachana maneno hupotea.

Nilirudi kwa daktari wiki iliyopita. Kile kitu kimekua, na sasa ninapoinua mkono ngozi inaingia ndani kidogo, kama kitambaa ambacho fundi mwanafunzi amekaza uzi kupita kiasi. Nilitaka kumwonyesha. Akasema hana haja ya kuona tena, alishaona. Nikamwambia hakuona, alibonyeza bitana. Akaweka kalamu chini, akaniambia kwa upole kabisa, "Mama, wewe ni fundi wa nguo. Mimi ni fundi wa watu. Tuheshimiane."

Nikamjibu, "Hata fundi wa nguo humvua mteja koti kabla ya kumpima."

Hakupenda. Muuguzi mmoja, mama mwenye sauti ya chini, alinifuata mpaka mlangoni. Akaninong'oneza, "Usikubali kurudi nyumbani na jibu hilo." Nikamuuliza nifanye nini. Akatazama nyuma, kisha akatazama viatu vyake.

Sasa sikiliza. Kila Disemba hujikatia karatasi ya kifua changu, ile ninayoilaza juu ya kitambaa ninapojishonea nguo ya mwaka mpya. Mwaka huu nimekata nyingine tena, juzi, tarehe mosi Machi. Nakutumia zote mbili kwenye bahasha ya kaki, ya Disemba na ya Machi. Zibandike kwenye kioo cha dirisha, moja juu ya nyingine, mwanga upite. Utaona. Kisha umtafute huko mtu mmoja anayejua, mmoja tu, naye aone.

Sikuombi mengine.

Dada yako,
Fundi


17 Machi

Dada mpendwa,

Naomba radhi kwa ufupi wa barua hii. Nimeteuliwa kuwasilisha taarifa ya ofisi yetu mbele ya bodi, na nina siku nne tu za kuiandaa. Itakufurahisha kusikia kwamba tangu kiolezo changu kianze kutumika, wanaolalamika mara ya pili wamepungua kwa theluthi moja. Mkuu anasema hiyo ni dalili kwamba wagonjwa wanaridhika.

Bahasha ya kaki imefika salama. Nimeiweka kwenye droo na nitaifungua nikitulia. Hata hivyo, kwa heshima zote, sidhani kama daktari bingwa anaweza kupelekewa karatasi za kukatia blauzi. Kila taaluma ina vielelezo vyake.

Jana kwenye simu ulicheka sana. Mtu mgonjwa hacheki namna ile. Hilo limenituliza.

Mdogo wako


7 Aprili

OFISI YA MALALAMIKO YA WAGONJWA
Kumb. Na. 0419

Ndugu Mlalamikaji,

Tunathibitisha kupokea malalamiko yako dhidi ya huduma ya tawi. Tumeyapitia kwa makini.

Tumejiridhisha kwamba daktari aliyekuhudumia alizingatia taratibu zote. Tunatambua wasiwasi wako. Hofu ya mgonjwa ni mgeni wa kuheshimiwa, lakini si mgeni wa kukabidhiwa funguo za nyumba. Tunakusihi uendelee kufuata ushauri uliopewa.

Suala hili sasa limefungwa.

Mkuu wa Ofisi


14 Aprili

Mdogo wangu,

Nimepata jibu nililokuwa nalisubiri. Sitakusumbua tena kwa jambo lile.

Sweta yako ya kijivu iko tayari. Nitaituma na mtu.

Fundi


22 Aprili

Dada yangu mpendwa,

Barua yako fupi imenipa furaha ndefu. Nimeshukuru mno kusikia kwamba hatimaye umepata jibu, na kwamba limekuridhisha. Nilijua kwamba ukiupa utaratibu nafasi, utaratibu nao utakupa amani.

Taarifa yangu mbele ya bodi ilipokewa kwa makofi. Mwenyekiti aliniuliza nimejifunza wapi kuandika. Nilimwambia, "Chini ya meza ya kukatia nguo." Walidhani natania.

Sweta imenikaa kama ngozi. Hukunipima hata mara moja, lakini hukukosea hata inchi.

Mdogo wako anayekupenda


9 Julai

Dada,

Jana nimekupigia mara tatu. Mara zote ulisema una wateja, ukanitania kuhusu mishahara ya wasomi, ukakata. Kwa hiyo naandika, na barua hii naipa basi la asubuhi ili ikufikie leo leo.

Juzi masanduku ya barua za nusu mwaka yaliletwa kutoka matawini. Mimi nilipewa kazi ya kuzipanga. Katika sanduku la tawi lenu, kati ya karatasi zilizobanwa kwa pini zenye kutu, nilikuta kurasa mbili zilizoshonwa pembeni kwa uzi wa buluu. Mishono mitatu. Sikuhitaji kutafuta jina.

Fomu iliyoniletea malalamiko yako mwezi wa Machi ninayo hapa mezani. Imeandikwa, "Mgonjwa wa kike, miaka 41. Haridhiki na maelezo ya daktari. Hana maumivu." Basi. Siku ile nilikuwa na fomu kumi na tisa na mkutano saa tano. Nilichukua kiolezo, nikaandika nambari, nikaenda kunywa chai.

Ukurasa wako wa pili nimeusoma nikiwa nimesimama, kwa sababu sikuona kiti. Umeandika: "Mama yangu mzazi alianza na punje isiyouma, kwenye titi hilo hilo. Nilikuwa na miaka kumi na tisa, na mimi ndiye niliyekuwa nikimbadilishia vitambaa. Mdogo wangu alikuwa na miaka mitatu, tukamwambia mama ana homa. Jambo hili nimemweleza daktari mara mbili."

Dada, kila fomu niliyowahi kujaza, ya shule, ya chuo, ya kazi hii, penye swali la mama alifariki kwa nini, nimeandika homa.

Kisha nikafungua droo. Bahasha ya kaki ilikuwa bado imefungwa. Nilizibandika karatasi dirishani, moja juu ya nyingine, kama ulivyoniagiza miezi minne iliyopita. Upande wa kulia, mstari wa Disemba na mstari wa Machi imelala mmoja juu ya mwingine, hata unywele haupiti katikati. Upande wa kushoto mstari wa Machi umepanda juu na kuingia ndani. Mtoto angeona. Mtoto ambaye hajasoma angeona.

Nilizibandua, nikashuka ghorofa mbili hadi kwa daktari bingwa wa matiti, mwanamke ambaye tukikutana kwenye ngazi huwa najibana ukutani. Sikuwa na miadi. Alikuwa anakula. Aliziinua kwenye taa, akaacha kutafuna.

"Nani amezichora hizi?"

"Fundi nguo."

"Mgonjwa yuko wapi?"

"Ni huyo huyo fundi. Ni dada yangu."

Aliziangalia tena kwa muda. Akasema, "Amejipima vizuri kuliko tulivyompima sisi. Na hii ni ya Machi. Leo ni Julai. Ulikuwa unangoja nini?"

Nilikuwa na sentensi nyingi, Dada. Nilimwomba tarehe tu.

Anakutaka Jumatatu ya tarehe 21, saa mbili asubuhi. Njoo na karatasi nyingine zote ulizo nazo. Siombi msamaha katika barua hii, kwa sababu naona ningeuandika vizuri mno.

Mdogo wako


14 Julai

Mdogo wangu,

Nitakuja. Usilie ofisini, utawapa watu kazi ya kukubembeleza na kazi yenyewe wanayo.

Unauliza, bila kuuliza, kama nilijua. Nilijua siku ile ile. Muuguzi alinipa bahasha dirishani, nikaisomea pale kwenye benchi, na nilipofika kwenye mgeni na funguo za nyumba nikakusikia sauti. Nani mwingine anaongea hivyo? Nilikusikia kabisa, uko chini ya meza, miguu imetokeza nje, unasoma.

Sikukwambia. Ulikuwa umepanda ngazi, na mimi ndiye niliyeishikilia miaka yote hiyo. Ningeitikisaje? Na hata barua ile ya malalamiko sikuipeleka kwako kwa sababu hiyo hiyo. Ofisini kwenu mna meza nne; nilidhani itaangukia ya mtu mzima mwenye miwani, asiyetujua.

Lakini kuna jambo nilidhani nitalificha, nalo nimeona nisilifiche, maana kuficha ndiko kulikotufikisha hapa. Daktari aliposema si kitu, vidole vyangu vilimbishia. Kila asubuhi vilimbishia. Nilikuwa nimeshapanga niende hospitali nyingine kabisa, hata kama ni safari ya siku mbili. Kisha ikaja ile barua ya ofisi yako. Uliposema wewe, vidole vilinyamaza. Nikajiambia, mtoto niliyemsomesha amesema, mtoto huyu hawezi kunidanganya. Nikakunja safari. Tangu Aprili sikujigusa tena. Nilikuwa naoga nikitazama ukuta.

Sikuandikii haya ili uumie. Nakuandikia kwa sababu wewe unaandikia watu wengi, na hao wengine hawana dada ofisini.

Hata mimi nina karatasi moja ninayokatia sare za wanafunzi mia. Lakini kabla sijatia mkasi, nampima mmoja mmoja. Yupo mwenye bega moja chini, yupo mwenye kibiongo, na wala mama yake hajui. Ukikata bila kupima, nguo itakuwa nzuri sana, na haitamwingia mtu.

Kuhusu mama, nilikuwa nikingoja ukue. Kisha ukakua, ukaanza kutumia maneno makubwa, nikaona aibu kukuletea habari ya vitambaa.

Tarehe 21, saa mbili. Unipokee kituoni, nisizurure.

Fundi


6 Agosti

Dada,

Ulisema majibu yakitoka niyapokee mimi, nikuandikie kama yalivyo, bila mapambo. Yametoka leo asubuhi.

Ni saratani. Kile kinyama walichokichukua kwa sindano kimethibitisha. Imefika kwenye tezi za kwapani. Hawajaiona kwingine kwenye picha. Titi la kushoto litaondolewa lote, Jumanne tarehe 19, kisha dawa za mishipani kwa miezi kadhaa, kisha mionzi. Daktari anasema kuna matumaini, na kwamba hapendi kulitaja neno hilo kwa idadi. Nilimuuliza ingekuwaje kama ungekuja Aprili. Alinitazama, akafungua faili lako, akaanza kuandika kitu ambacho nadhani hakikuwa na haja ya kuandikwa.

Kisha akaniuliza, "Na wewe je? Mama, sasa dada. Nani amekuchunguza wewe?" Nikasema hakuna. Akasema tutaongea.

Kazini nimeomba kiolezo kiondolewe. Niliomba pia kwamba mwanamke yeyote atakayeandika kuhusu titi asipelekewe barua, apelekewe tarehe ya kuchunguzwa. Mkuu aliniambia ninachanganya familia na kazi. Nikamjibu kwamba wote mia mbili na kumi walioipokea barua ile ni familia ya mtu. Hakugomba. Alisema nimechoka, akanihamishia chumba cha kuhifadhi barua, chini kabisa, karibu na kufulia. Mashine za mashuka zinatikisa ukuta siku nzima.

Huko chini nimeanza kufungua masanduku moja baada ya jingine. Nasoma barua zenyewe, siyo fomu. Hadi leo nimepata wanawake sita. Daktari bingwa amekubali kuwaona, nami nawaandikia mmoja mmoja, kwa mkono. Wawili wamejibu. Mmoja jibu lake limeandikwa na mume wake, na linasema asante, lakini tumechelewa kidogo.

Nimelishona kwa uzi pamoja na barua yake ya kwanza, zisije zikaachana.

Unataka nikuandalie nini kabla ya tarehe 19? Sema chochote.

Mdogo wako


11 Agosti

Mdogo wangu,

Nimesoma. Umeandika vizuri, safari hii, kwa sababu hukuandika vizuri.

Nimegawa kazi zangu. Sare za shule nimempa fundi wa jirani, yule anayeshona kama anayekimbizwa, lakini watoto hawatatembea uchi. Nguo za harusi nimezimaliza mwenyewe. Cherehani nimezifunika mashuka. Chumba kimekuwa kama kina maiti tatu, mpaka mama muuza vifungo ameniambia, "Zifunue bwana, unatutisha."

Daktari wa tawi alikuja juzi na koti. Alikuwa ameletewa barua kutoka kwa huyo bingwa wenu. Alisimama mlangoni muda mrefu akilishika koti lenyewe kama mtoto wa mtu mwingine. Akasema, "Mama, hukuniambia kwamba mama yako..."

Nikasema, "Nilikwambia. Mara mbili. Ulikuwa unaandika."

Akauliza, "Nilikuwa naandika nini?"

"Sijui, daktari. Labda vipimo vya suruali."

Hakucheka, na mimi sikucheka. Nilimwambia aache koti. Kisha nikamwambia avue lile alilovaa, nikampima upya, mabega, mgongo, mikono, polepole, mbele ya wateja wote. Alisimama mpaka nikamaliza. Sijui kama ameelewa. Koti nitalishona nikirudi, nikirudi.

Usiku sitausema. Mchana naweza.

Umeniuliza nataka nini. Nataka kitu kimoja, na usikikatae kwa kulia. Fundi hajipimi mwenyewe. Anayejipima hukunja mkono, na mkono ukikunjwa kifua husogea. Karatasi zangu zote hizi zina kosa dogo la mkono uliokunjwa. Miaka ishirini na miwili hakuna aliyenipima. Kabla hawajakata, nataka nipimwe vizuri mara moja, nikiwa mzima, pande zote mbili. Utashika tepu, utaandika namba kwenye karatasi, na karatasi hiyo utaihifadhi wewe. Baadaye tutapima tena, na blauzi mpya nitaikatia karatasi hiyo ya pili. Upande mmoja utakuwa na mkunjo wa kifuani, mwingine utakuwa bapa. Nimeshajaribu kuifikiria namna itakavyokaa. Inawezekana. Kazi ngumu ni kwapani.

Ukishanipima, utavua sweta ya kijivu, utakaa kitandani karibu na dirisha, na mimi nitakupima wewe. Sitatumia tepu. Nitatumia vidole. Kisha utakwenda kwa yule bingwa naye akupime kwa mashine yake, hata kama vidole vyangu havitakuta kitu, na hata kama mtu yeyote mwenye kalamu atakwambia furahi.

Basi langu linafika saa nane mchana. Usije kituoni, njia naijua sasa. Omba ruhusa utoke mapema huko chini. Tukutane chumbani kwako Jumatatu, tarehe 18 Agosti, saa kumi kamili jioni, mwanga ukiwa bado upo.

Dada yako,
Fundi